Laki na nusu zaidi, au kadi ya bima? Hesabu ya kufanya kabla hujasaini mkataba

Wiki iliyopita binti mmoja niliyemfundisha kazi ya uhasibu alinipigia simu akiwa ndani ya daladala, foleni ya Tazara imewashika. Alikuwa na barua mbili za ajira. Ofisi moja ya Mikocheni inampa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, bima hakuna. Kiwanda kimoja cha Chang'ombe kinampa 1,050,000 pamoja na kadi ya bima ya afya, yeye na mwanawe. "Dada, laki na nusu kila mwezi si hela ya kuacha," akaniambia. "Nikiumwa nitajilipia."

Nimeandaa mishahara ya watu kwa miaka kumi na moja, na hiyo "nitajilipia" nimeisikia kutoka kwa vijana wengi wenye afya njema. Nikamwomba asisaini chochote hadi jioni. Haya ndiyo tuliyozungumza, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya simu kukatika, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Laki na nusu inayofika benki ni ngapi?

Anza na 1,200,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 10, yaani 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake ni 152,000. Mkononi: 928,000.

Sasa 1,050,000. NSSF ni 105,000, kodi 114,250. Mkononi: 830,750.

Tofauti ni 97,250. Laki na nusu imepungua kwa zaidi ya theluthi kabla haijaonekana kwenye simu. Kwa haki niseme kwamba 15,000 kati ya zilizokatwa zimekwenda NSSF, na mwajiri anayechangia asilimia 10 yake anaweka 15,000 nyingine juu. Hizo utazikuta uzeeni. Lakini 37,750 ni kodi, imekwenda. Kwa mwaka, anachokiacha mkononi akichagua Chang'ombe ni 1,167,000.

Upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiihesabu bima ya matibabu anayolipia mwajiri kuwa kipato cha kutozwa kodi, ikimhusu mfanyakazi, mwenza wake na watoto wao hadi wanne, sharti mwajiri aitoe kwa wafanyakazi wake bila ubaguzi. Mwajiri akikuongezea hela hiyo hiyo kwenye mshahara na kuiita posho ya matibabu, inakatwa kodi kama mshahara mwingine. Shilingi inayopitia kwenye bima inafika nzima. Inayopitia kwenye slipu ya mshahara inafika imemegwa.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: 1,167,000 kwa mwaka inaweza kununua ulinzi sawa na wa ile kadi? Mwaka wa mafua, malaria moja na jino, inatosha na chenji inabaki. Mwaka wa upasuaji na kulazwa wiki mbili, sahau. Akisema atanunua bima mwenyewe, inawezekana, ila mtu mmoja anayeingia dukani peke yake hapati bei ya kundi. Kampuni binafsi zitamuuliza umri, zitamuuliza magonjwa aliyonayo, na uzazi zitamwekea miezi ya kusubiri. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nao ulileta vifurushi vya watu binafsi mwaka 2019, Najali, Wekeza na Timiza, kikianzia 192,000 kwa mwaka kwa kijana aliye peke yake. Bei ilikuwa ya kuvutia kwa kijana. Ilipanda kadiri umri na ukubwa wa familia ulivyoongezeka.

Ushauri wangu wa kwanza kwake ulikuwa huu, na ninausimamia: kama una mtoto, au unatarajia kuzaa, au una ugonjwa wa kudumu hata ukiwa mdogo, chukua kadi. Kama uko peke yako, una miaka 24, na pengo la mishahara ni kubwa kweli, tuseme laki tano, chukua mshahara, lakini nunua kifurushi mwezi wa kwanza huo huo, kabla hela haijazoea matumizi mengine.

Kadi zenyewe hazifanani

Akaniuliza: "Kadi si kadi?" Hapana. Hapa ndipo watu wanapoumia.

Kadi za mwajiri ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kampuni binafsi za bima, mfano Jubilee au Strategis. Ya pili ni ya Mfuko wa Taifa, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma, kisha ukapokea wa sekta binafsi. Tofauti yao kubwa, kwa jicho la mtu wa mishahara, ni namna bei inavyopangwa.

Kampuni binafsi inamuuliza mwajiri: una watu wangapi, wa umri gani, unataka ukomo wa shilingi ngapi kwa kila familia? Kisha inatoa bei kwa kichwa. Bei ya kichwa cha mkurugenzi na ya kichwa cha mlinzi wa getini inakuwa moja kama wako daraja moja. Kwa hiyo mwajiri anayetaka kubana matumizi anaweka madaraja: wakubwa wana ukomo wa juu na hospitali za Masaki, wadogo wana ukomo wa chini, na vibarua hawamo kabisa.

NHIF inakwenda kwa asilimia: 6 ya mshahara wa msingi, nusu anatoa mfanyakazi na nusu mwajiri. Tazama inavyofanya kazi. Dada wa usafi anayelipwa 360,000, karibu na wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi, 358,322, uliotangazwa Oktoba 2025 kuanza Januari 2026, anakatwa 10,800 na mwajiri anaongeza 10,800. Kwa mwaka jumla ni 259,200, na kadi inamhusu yeye, mwenza na wategemezi wanne. Meneja wa 6,000,000 anakatwa 180,000 na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kwa mwaka ni 4,320,000, kwa kitita kile kile cha huduma anachopata dada wa usafi. Sasa unaelewa kwa nini katika kikao cha menejimenti kadi ya kampuni binafsi hupendwa sana, na kwa nini kwenye tawi la chama cha wafanyakazi maneno huwa mengine. Silaumu meneja kwa kupiga hesabu yake. Nasema tu kwamba akisimama mbele yenu na kusema "tumewachagulia bima iliyo bora," ni halali kuuliza: bora kwa nani?

Kwa huduma yenyewe, kadi binafsi ina raha zake. Unakwenda moja kwa moja kwenye hospitali iliyo kwenye orodha, foleni ni fupi, na daktari bingwa unampata bila kuzunguka kwanza na karatasi ya rufaa. Lakini ina ukomo wa fedha. Ukifika, umefika.

Kadi ya NHIF nguvu yake iko kwenye mambo mazito na kwenye nchi nzima. Inatambulika Muhimbili, taasisi ya mifupa ya MOI na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, inatambulika Amana, Temeke na Mwananyamala, na ukiugua ukiwa msibani Songea bado ni kadi. Aliyeichangia akistaafu, akiwa ametimiza masharti ya Mfuko, anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa tena. Na kwa utaratibu tuliouzoea, wale wategemezi wanne wanaweza kuwa wazazi. Kwa Mswahili mwenye mama mwenye presha, hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Udhaifu wake nao sitauficha. Dawa fulani ukiandikiwa unaweza kuambiwa haimo kwenye kitita. Na Machi 2024, Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya chenye bei mpya, hospitali kadhaa za binafsi hapa Dar zilisitisha kuwapokea wenye kadi zikisema bei hizo haziwatoshi. Mazungumzo yakafanyika na wengi wakarudi, lakini kwa siku zile mtu mwenye kadi hai alisimama mapokezi akiambiwa alipe taslimu. Kwa hiyo, kabla hujasifia kadi yoyote, nenda kwenye hospitali iliyo karibu na kwako, dirisha la bima, uliza kama wanaipokea leo.

Kadi inayokufa na kazi

Hili nililihifadhi la mwisho kwenye simu, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi.

Nilikofanya kazi zamani, sitapataja, tulikuwa na fundi mitambo mmoja, mtu wa miaka arobaini na kidogo, mcheshi, hakosi kazini. Figo zikamsaliti. Akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kadi yetu ilikuwa ya kampuni binafsi, na wote tulikuwa tunaisifu. Kabla mwaka wa bima haujafika nusu, ukomo ukaisha. Tukachanga. Kundi la WhatsApp la kiwandani likawa linaamka na jina lake na kulala na jina lake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Siku zikahesabika. Zikaisha. Ajira yake ikasitishwa kwa sababu za afya, kwa utaratibu, kila karatasi ikiwa sawa. Mimi ndiye niliyeandaa hesabu ya mafao yake ya mwisho, na mimi ndiye niliyetuma kwa kampuni ya bima barua pepe ya kumwondoa kwenye orodha pamoja na mkewe na watoto watatu. Siku aliyokuwa anaihitaji kadi kuliko siku zote za maisha yake ndiyo siku niliyoifunga.

Mwaka uliofuata bei yetu ikapanda, kwa sababu kampuni iliangalia tulichotumia. Menejimenti ikapunguza ukomo. Hivyo ndivyo kundi dogo linavyofanya kazi: watu 80 hawawezi kubeba mgonjwa mmoja wa figo. Watu milioni kadhaa wanaweza, na wala hawatahisi uzito.

Wamarekani wanalijua jambo hili kwa undani. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali yao ilizuia mishahara isipande, waajiri wakaanza kuvutia wafanyakazi kwa bima ya afya badala ya fedha. Sheria ya kodi ya 1954 ikauthibitisha msamaha wa kodi kwa bima hizo. Jambo la dharura likawa mazoea ya nchi, na hadi leo kuna watu kule wanaong'ang'ania kazi wasizozipenda kwa sababu mtoto ni mgonjwa na kadi iko kwa mwajiri. Sisi bado hatujafika huko. Tunayo nafasi ya kutofika.

Kwa hiyo, ukilinganisha barua mbili za ajira, usiangalie tu kadi inatibu nini. Uliza inakwisha lini. Mkataba ukiisha leo, kadi inaishi hadi kesho, hadi mwisho wa mwezi, au hadi mwisho wa mwaka wa bima uliokwisha lipiwa? Je, mtoto aliye katikati ya matibabu anakatishwa? Waajiri wengi hawajawahi kuulizwa na hawana jibu. Ukiwauliza kabla ya kusaini, jibu linaweza kuandikwa kwenye mkataba. Ukiuliza baadaye, unaomba huruma. (Ajali ya kazini ni jambo jingine: hiyo ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anauchangia peke yake bila kukukata. Usikubali kuambiwa utumie bima yako kwa kidole kilichokatwa na mashine.)

Nani amlipie asiye na slipu?

Binti akaniuliza swali zuri: "Sasa hiyo bima ya afya kwa wote ikifika, si nitakuwa nimeacha laki na nusu bure?"

Bunge liliipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kwa sekta rasmi imebeba wazo lile lile tulilolizoea: mwajiri anamwandikisha mfanyakazi na kuchangia si chini ya nusu. Kwa wasio na uwezo, mfuko maalumu unaopata fedha kutoka vyanzo kama kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo ofisi ya Mikocheni inayosema "sisi hatutoi bima" inatembea upande usiofuata mwelekeo wa sheria, na mshahara wa 1,200,000 utakuja kukatwa mchango huo. Hilo nalo liingie kwenye mizani.

Majirani na wengine wamefanya tofauti. Kenya, tangu Oktoba 2024, inamkata mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mwajiri haongezi kitu. Ujerumani, ambako bima ya wafanyakazi ilianza 1883, leo mwajiri na mfanyakazi wanagawana mzigo. Uingereza tangu 1948 inatumia kodi za jumla, na mgonjwa haulizwi kadi. Ghana, kwa sheria yake ya 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, kwa hiyo hata muuza nyanya anachangia akinunua sabuni.

Wachumi husema nusu ya mwajiri nayo mwishowe hutoka kwenye mshahara wako. Kwa nilichokiona, wana ukweli. Kwenye bajeti ya kampuni hakuna mstari wa mshahara na mstari wa bima vinavyoishi nyumba tofauti. Viko chini ya paa moja, "gharama za wafanyakazi," na kimoja kikivimba kingine kinaminywa. Lakini bado nataka nusu ya mwajiri ibaki kwenye sheria, kwa sababu mwajiri asiye na chake ndani hana sababu ya kumpigia simu mtu yeyote dawa zikikosekana.

Kinachonipa mashaka ni kutegemea slipu peke yake. Tazama Kariakoo saa nne asubuhi, kisha uhesabu wenye slipu. Mama lishe, wapiga debe, machinga, bodaboda waliojaa Mbagala Rangi Tatu. Mfuko ukibebwa na wenye mishahara tu, asilimia 6 haitatosha kamwe. Na ukiachwa uwe wa hiari, wanaoingia kwanza ni walio wagonjwa tayari. Tuliliona hilo kwa Toto Afya Kadi: shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wengi wakakata kadi mtoto akiwa ameshaandikiwa upasuaji, na Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa. Wazazi wale hawakuwa wabaya. Walifanya ambalo mzazi yeyote angelifanya. Ndiyo maana bima ya wote lazima iwe ya wote kweli, na sehemu kubwa itoke kwenye kodi.

Wenzangu wa ofisini huniuliza kwa nini mshahara wao ulipie watu wasiowajua. Huwa nawakumbusha yule fundi. Alikuwa na slipu miaka kumi na minne. Ilimchukua siku 126 kuhamia upande wa wale wasiojulikana. Wazazi wetu waliishi zama matibabu ya serikali yalikuwa bure, kisha uchangiaji ukaja 1993, na tangu hapo kila familia imejijengea mfuko wake mdogo wa michango, harusi huku, hospitali kule. Mfuko huo tunaulipia tayari. Unatutoka tu kwa njia isiyo na mpango, usiku, kwa ujumbe wa simu.

Alivyoamua

Jioni alinipigia tena. Alikuwa amerudi Chang'ombe kuuliza maswali matatu: hospitali zipi, ukomo kiasi gani, na kadi inakwisha lini mkataba ukikoma. La kwanza na la pili alijibiwa hapo hapo. La tatu, ofisa wa rasilimali watu alikaa kimya kidogo, kisha akasema hajawahi kuulizwa, na baadaye akampa jibu kwa maandishi: hadi mwisho wa mwaka wa bima, kama kuondoka si kwa utovu wa nidhamu. Akasaini.

Akauliza na la nne, la mama yake, yuko Mbagala, ana presha na sukari. Kadi ni ya kampuni binafsi. Wazazi hawamo.

Nimemwambia atenge 30,000 kila mwezi kwa ajili ya dawa za mama, ziwe mahali asipoweza kuzigusa, na ampeleke kliniki hospitali ya Temeke badala ya kumnunulia vidonge dukani kwa kukisia. Mama akitimiza miaka 60 na hana kipato, waende dirisha la ustawi wa jamii waulize msamaha wa wazee. Mwaka ujao, bima ya kiwandani ikifika wakati wa kuhuishwa, yeye na wenzake wa idara waandike barua ya pamoja kuomba mwajiri ahamie kwenye mpango unaopokea wazazi, hata kama wataongeza kidogo kutoka mifukoni mwao.

Jumatatu anaanza kazi. Kadi ya mama bado tunaitafuta.